Likizo Yangu Niliipeleka Agra

Al Thumama

Tangu nirudi, kila Ijumaa mnaniuliza jambo lilelile, na kila Ijumaa chakula kinaletwa kabla sijafika hata Delhi. Mmoja anataka habari za mwanamume niliyechumbiwa naye Agra bila mwenyewe kujua. Mwingine kasikia nilipelekwa hospitali. Basi naandika yote, someni, kisha mniache nile pilau yangu kwa amani. Habari za viza, tiketi na khuruji sitaziandika. Kila mmoja wenu anajua kibali cha kutoka Qatar kinavyopatikana, na aliyebahatika kusahau sitaki kumkumbusha.

Nianze na ugomvi, maana safari ilianza kwa ugomvi.

Mnaijua ile picha kubwa ukutani, kwenye mkahawa wa Kihindi pale hotelini kwetu West Bay: jumba jeupe, kuba kama kitunguu, minara minne, na maji mbele yake. Miaka yote niliyofanya kazi pale niliamini ni kasri la mfalme. Siku moja nilikuwa napeleka vitambaa vya meza na Firoz wa dobi, ambaye kwao ni Agra, nikamwambia mfalme huyu alijua kujenga nyumba. Firoz akacheka.

"Si nyumba, sista. Kaburi. La mke wake. Alikufa akizaa."

Nikabaki nimesimama na vitambaa vyangu. Dada yangu Zuhura alikufa akizaa, kwetu Pangani, mimi nikiwa mtoto wa kusukwa mabutu. Kaburi lake lina kijiti na jiwe, na hilo silo linaloniuma, kaburi la Mwislamu halihitaji zaidi. Kinachoniuma ni kwamba baada ya arobaini jina lake lilikoma. Mumewe alioa. Mama alikuwa akilia tukimtaja, tukaacha kumtaja, na Mama alipofariki tukawa tumeshazoea kunyamaza. Kumbe huku duniani yuko mwanamke mwingine, kifo chake ni kilekile, na watu wanavuka bahari kwenda kumwamkia.

Palepale niliamua. Likizo zangu zote nilikuwa nikienda Tanga na masanduku ya watu, nikishuka kama punda na kupanda kama punda. Hii ingekuwa yangu.

Kaka yangu Mbwana, ambaye ndiye mkubwa wetu aliyebaki, alinipigia simu mara tu aliposikia. "Mpwa wako anaolewa, na wewe unakwenda kuangalia makaburi ya Wahindi?"

"Ndiyo, kaka."

"Mwanamke peke yako? Likizo ni ya kuja nyumbani, Mwanaidi. Watu watasemaje?"

"Watasema nimekwenda India."

Akakata simu. Msimamizi wangu wa kazi naye alinitazama kuanzia viatuni mpaka kilembani. "Taj Mahal? Wewe?" Nikamwambia, "Mimi." Na Njeri, ambaye nalala naye chumba kimoja na ambaye atayasoma haya, asikatae kwamba alisema hivi: "Manze, India watu huenda na eksirei. Si ungoje kwanza uwe mgonjwa?"

Aliyefurahi ni Firoz peke yake. Akaniletea blanketi zito la chui, lile la Souq, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, nimpelekee mama yake. Nikasema safari hii sibebi mzigo wa mtu. Kisha nikamtazama usoni, nikalibeba.

Delhi, na hospitali nisiyoiomba

Nilifika Delhi asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito hata nikadhani dirisha la ndege limechafuka. Baridi yao si ya kiyoyozi, jamani. Ya kiyoyozi unaizima.

Dereva wa teksi alikuwa mzee mwenye kilemba cha samawati, mpole, anaitika kila ninachosema. Nikamwonyesha anwani ya nyumba ya wageni. Akaitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma, tukaondoka. Njiani akaniuliza kwa Kiingereza cha vipande, "Moyo? Figo?" Nikadhani ananiuliza ninachopenda kula, maana mkahawani kwetu figo na moyo vipo kwenye orodha. Nikasema, "Vyote, lakini zaidi figo." Mzee wa watu akashika usukani kwa mikono miwili na kuongeza mwendo.

Akanishusha mbele ya lango la hospitali. Hospitali kubwa, ya vioo, imejaa watu, na kabla sijafungua mdomo mhudumu kaja na kiti cha magurudumu. Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akaniambia nisiogope. Nikasema sijaumwa tangu nizaliwe. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Blanketi la Firoz likawekwa kwenye kiti, likaanza kusukumwa ndani, na mimi nyuma yake nikikimbia na kupiga kelele kwa Kihindi changu cha Doha: "Mimi kutembea! Tourist! Taj Mahal!"

Yule mzee wa teksi ndiye aliyeelewa kwanza. Akaja kunitolea blanketi, huku akinishangaa. Alisema Waafrika wote aliowabeba miaka ile walikuwa wagonjwa, au wameleta mgonjwa. "Hujaleta mtu?" akaniuliza.

"Nimejileta mwenyewe."

Akacheka mpaka kilemba kikamlegea, na safari ile akanipeleka nilikotaka.

Nilikotaka hakukunitaka. Kijana wa mapokezi aliniona nikiingia, akafunga daftari lake kabla sijalifikia. "Full, madam." Nikasema chumba changu nimekiweka tangu mwezi uliopita, kwa jina langu. Akasema kuna makosa. Nyuma yake zilining'inia funguo, nyingi, na familia ya Kizungu iliyoingia baada yangu ikapewa mmoja mbele ya macho yangu.

Nimewahi kukaa kimya katika mambo kama haya, kazini, kwa sababu ya mkataba. Pale Delhi sikuwa na mkataba na mtu. Palikuwa na kiti kirefu cha ngozi karibu na mlango. Nikaweka blanketi, nikakaa juu yake, nikafungua maandazi yangu niliyotoka nayo Al Thumama, nikaanza kula taratibu.

"Madam, huwezi kukaa hapo."

"Nangoja chumba changu."

"Hakuna chumba."

"Basi nangoja kitakapokuwepo."

Kila mgeni aliyeingia nilimsalimia. Kila aliyeniuliza nilimweleza, kwa sauti ya kusikika, kwamba nina chumba hapa ila kimepotea, wanakitafuta. Maandazi yalikuwa yamekwisha nilipoletewa chai na mwanamke wa makamo aliyevaa sweta juu ya sari. Ndiye mwenye nyumba. Akamuuliza kijana maneno machache, kijana akajibu akitazama viatu vyake. Mama yule hakuomba radhi, na mimi siwadanganyi kwamba aliomba. Alitoa ufunguo, akauweka mkononi mwangu, akasema, "Juu kabisa." Chumba kilikuwa chini ya tangi la maji, linadondoka tik, tik, tik. Nililala humo kama malkia.

Ngome Nyekundu

Kesho yake nilikwenda Ngome Nyekundu, alikokaa Shah Jahan, mfalme wa ile picha. Kuta zake ni za mawe rangi ya udongo wa Tanga ukinyeshewa, ndefu hata shingo inauma. Unapita langoni, unapita kwenye maduka ya bangili, halafu ghafla panakuwa kimya, bustani, na kumbi za marumaru zilizo wazi pande zote kama zinangoja upepo. Ndani ya sakafu umechimbwa mfereji, na kibao kinasema maji yalikuwa yakipita humo chumba hadi chumba kupoza nyumba. Mawe ya thamani yaliyopambwa kwenye nguzo yamechokolewa yote. Kiti cha enzi kilibebwa zamani na majeshi ya watu wengine. Kimebaki kibaraza chake.

Wenzangu walikuwa wakistaajabia wafalme. Mimi niliangalia zile kona za marumaru zilizochongwa maua, nikawaza: nani alikuwa akitoa vumbi humu? Maana mtu alikuwepo. Alikuwa na kitambaa, na mgongo unaomuuma, na mtu wa kumwambia rudia hapa. Kibao chake sikukiona.

Nikiwa katika mawazo hayo nikasikia vicheko. Kundi la wanafunzi wa kike, sare zao za buluu, wananipiga picha kwa simu. Halafu baba mmoja akamsukuma mkewe asimame ubavuni kwangu, akapiga bila hata salamu. Kisha mwingine. Nikayakumbuka yale ya mapokezi ya jana. Nikatoa simu yangu.

"Sasa zamu yangu," nikamwambia yule baba. "Simama hapo. Sawasawa. Kofia vua."

Akavua! Nikampiga picha, nikampiga na mkewe, nikawapanga wanafunzi mistari miwili kama picha ya shule, wafupi mbele. Kila aliyetaka yangu alitoa yake kwanza. Ikawa sherehe. Mwalimu wao akaniuliza natoka nchi gani, nikasema Tanzania, akawaeleza watoto kwamba Tasmania iko chini ya Australia. Nikamsahihisha, akanishukuru, akawaambia tena: Tasmania.

Ndiyo maana simu yangu imejaa Wahindi msiowajua. Msiniulize tena ni nani. Ni watu walionipiga picha.

Treni na ukungu

Treni ya Agra ilikuwa iondoke asubuhi. Ukungu ukasema hapana. Kipaza sauti kilikuwa kikiomba radhi kwa sauti tamu ya mwanamke, kila saa saa nyingine inaongezwa, na hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi. Watu walitandika mashuka jukwaani, wakalala, wakapiga kadi, wakanyonyesha.

Nilikuwa nimekaa juu ya blanketi, limeshakuwa mwenzangu, nikitetemeka. Pembeni yangu mama mmoja mnene alikuwa akifuma soksi, na mumewe kajifunika gazeti. Mama akanitazama weee, mwisho akafungua debe dogo la chakula lenye ngazi tatu, akanipa chapati nene zilizokaangwa, viazi vya manjano na achari ya ndimu. Nikasema, "Achari!" Akashtuka. "Achar," akasema. Nikaonyesha chapati. "Chapati." Akaonyesha chai. Sote: "Chai!" Basi tukaanza mchezo. Yeye anataja, mimi nataja: duniya, dunia, sabun, sabuni, rang, rangi, safar, safari. Kila neno likikubali anapiga kofi na kumwamsha mumewe amwambie. Nilipomwambia kwetu gari ni gari na barafu ni barafu, alinikumbatia kama ndugu aliyepotea sokoni.

Lakini mchezo ule ndio ulioniponza Agra. Ulinifanya niamini kwamba neno likifanana na la kwetu, basi nimelielewa.

Nyumba ya Ammi

Treni ilifika Agra alasiri. Bajaji ikanipeleka mtaa wa nyuma ya Taj, vichochoro vyembamba vyenye mbuzi waliovishwa masweta. Mama yake Firoz alikuwa mlangoni, mwembamba, shungi jeupe, macho ni ya Firoz yaleyale. Wote wanamwita Ammi, yaani mama, na mimi nikamwita Ammi. Kumbe hilo nalo lilikuwa kosa, au mwanzo wake.

Aliliona blanketi, akalibusu, akaniingiza ndani. Akaniketisha kwenye kitanda cha kamba, akaniletea mchuzi wa mbuzi uliopikwa polepole hata nyama inateleza mfupani, na mikate ya tanuri. Nazia, mdogo wake Firoz, anayesoma chuo na anajua Kiingereza, alikuwa hajarudi. Tulikuwa na Ammi na jirani zake wawili tu, na maneno yetu ya kuokoteza.

Nilipomaliza sahani, Ammi akainama mbele yangu na upawa mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa haya kidogo: "Firoz... shaadi?"

Mimi nikasikia "zaidi". Najua kwao zaidi ni ziyada, karibu sawa, na upawa uko hewani. Nikaelewa: Firoz kasema nipewe zaidi. Nikatabasamu kwa meno yote, nikainua sahani.

"Ndiyo, Ammi! Haan! Shaadi, shaadi!"

Upawa ukaanguka. Ammi akashika mashavu yangu, machozi yakamtoka. Jirani mmoja akapiga ukelele, mwingine akatoka mbio. Kabla sijapewa hiyo nyama ya pili nikavalishwa bangili za kijani, nikapakwa mafuta ya waridi, nikalishwa mdomoni vipande vya peta, tamtamu yao ya boga jeupe inayopasuka kama sukari mbichi. Nyumba ikajaa wanawake. Nikawaza: Allah, watu hawa wakarimu! Kwa blanketi tu!

Nazia aliporudi alikuta naimbiwa. Akasikiliza, akaja kunikalia karibu, uso umemkauka. "Dada, ni kweli unaolewa na kaka yangu?"

Nadhani nilimeza peta bila kutafuna. "Nani kasema?"

"Wewe umesema. Shaadi ni harusi."

Kabla hatujaeleza lolote, mlango ukasukumwa. Aliingia baba mdogo wao, ndevu zimetiwa hina, na wanawake wakaacha kuimba. Akanitazama mimi, akatazama bangili, akaanza kupiga kelele. Sikuelewa yote. Nilielewa neno moja alilolirudia, "Habshi", ambalo hata kwetu Habeshi ni mtu mweusi wa mbali. Na nilielewa kidole chake kilichoonyesha mlango.

Nikasimama. Nikamwambia Nazia atafsiri, neno kwa neno, asitie sukari.

"Mwambie siolewi na Firoz, wala Firoz hanitaki. Tunafua mashuka pamoja, basi. Nilidhani nimeulizwa kama nataka nyama." Wanawake wakaanza kuguna, mmoja akaficha kicheko kwenye mtandio. "Lakini mwambie pia: ningekuwa namtaka, na yeye ananitaka, kidole chake hicho kisingeniondoa. Na leo hakiniondoi. Mwenye nyumba ni Ammi. Akiniambia nitoke, natoka."

Nazia alitafsiri, neno kwa neno. Ammi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Nilidhani atalia. Akanyanyuka, akaokota upawa, akauosha, akarudi kwenye sufuria, akanijazia sahani hadi ikafurika. Kisha akasema maneno machache kwa shemeji yake bila kumgeukia.

"Anasema," Nazia akaninong'oneza, "kama huli, funga mlango, baridi inaingia."

Baba mdogo aliufunga. Kwa nje.

Bangili nilizivua nikamrudishia Ammi. Akazipokea, akazitazama muda, akazirudisha kabatini moja moja. Nadhani alisikitika kweli. Mwanawe ana miaka mingi Doha na ametimiza umri wa baba wa watoto. Usiku ule nilifunikwa blanketi la chui, Ammi akasema jipya halipaswi kulaliwa na mwingine kabla ya mgeni.

Kuba

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Ammi alitangaza kwamba twende sote watatu, maana yeye anaishi nyuma ya Taj na hajaingia tangu alipokuwa bibi harusi.

Tulianzia ngome ya Agra, ambako Shah Jahan alifungiwa na mwanawe mwenyewe mpaka akafa. Kuna baraza la marumaru lenye pembe nane, na ukisimama pale unaiona Taj ng'ambo ya kona ya mto, ndogo, kama kikombe kilichofunikwa. Muongozaji wa kundi la jirani alikuwa akiwaeleza watu kwa huzuni jinsi mzee alivyokuwa akikaa hapo akimtazama mkewe. Watu wanafuta machozi. Mimi nikamuuliza Nazia, huyo mke, Mumtaz, alikufa na mimba ya ngapi?

"Ya kumi na nne."

Basi machozi yangu yakarudi yalikotoka. Ya kumi na nne, tena yuko naye vitani, kwenye mahema! Mapenzi gani hayo yasiyojua kumpumzisha mtu? Nazia akacheka, akamtafsiria Ammi, na Ammi, aliyezaa saba, akakubali kwa kichwa mara nyingi.

Taj yenyewe sitaweza kuwaeleza vizuri, na atakayewaambia anaweza msimwamini. Ile picha ya hotelini ni uongo, haina ukubwa ndani yake. Unapita kwenye lango lenye giza, halafu nyeupe ile inakujia. Nilikuwa nimejiandaa kutopendezwa. Sikufaulu. Ukilikaribia jiwe unaona limejaa maua madogo ya mawe ya rangi, yaliyopachikwa hata ukipitisha kidole huoni yanapoanzia.

Ndani ni chumba kimoja, giza giza, na kuba juu yake. Kaburi la Mumtaz liko katikati kabisa. La mfalme limesogezwa pembeni, ndilo kitu pekee pale kisichokaa sawa na mwenzake, kwa sababu mwenye nafasi ni mwanamke. Nililipenda hilo. Nikasimama nikamsomea Fatiha.

Kuna mtu alikohoa, na kikohozi kikapanda juu, kikazunguka, kikakaa huko kama hakitaki kushuka. Kuba lile linashika sauti. Nikajua nilichojia.

Nikasema kwa sauti yangu yote: "Zuhura binti Salimu!"

Jina likapanda. Jamani, lilipanda. Likazunguka juu ya kaburi la mke wa mfalme, Zuhura, Zuhura, ura, ura, kila mtu akanyanyua uso. Mlinzi akapuliza filimbi, akaja akinitolea macho. "Silence, madam!"

Nikalisema tena. Miaka mingapi tumelinyamazia? Mlinzi alinishika mkono wa shati kunitoa, na hapo ndipo Ammi alipomgeukia. Sijui Nazia alikuwa amemwambia nini. Yule mama mwembamba alimkaripia mtu mwenye bunduki kama anamkaripia mbuzi aliyekula nguo, na sauti yake nayo ikapanda kubani, tukawa tunakaripiwa sote kutoka juu. Mlinzi akaniachia. Tulitoka wenyewe, polepole, kwa miguu yetu.

Jioni ile Kaka Mbwana akapiga simu. Nilipokea nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akauliza, kwa sauti kavu, kama nimeshayaona hayo makaburi. Nikamweleza yote: la nani, alikufaje, nilisema nini ndani.

"Ulimwitaje?" akauliza.

"Zuhura binti Salimu."

"Umekosea." Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Maiti huitwa kwa mama yake, Mwanaidi. Zuhura binti Mwanamkuu. Kesho rudi ukamwite sawasawa."

"Kesho Ijumaa, kaka. Wanafunga."

"Basi mwite hapo nje. Na mimi nisikie."

Ukingoni mwa mto

Pembeni mwa Taj kuna kijia kinachoshuka mtoni. Ijumaa asubuhi nilishuka na simu sikioni, ukungu umefunika maji, jumba lote limepotea isipokuwa ncha ya kuba. Askari wa pale waliniangalia tu. Upande wa pili wa simu kulikuwa na kelele za harusi, masufuria, watoto, halafu mlango ukafungwa na kukawa kimya. Kaka alikuwa amejifungia chumbani.

Nikamwita. Sikupiga kelele, hapakuwa na kuba la kushika sauti. Zuhura binti Mwanamkuu. Na kaka, Pangani, akamwita vilevile. Kisha akaanza kunisimulia jinsi Zuhura alivyokuwa akimwibia kashata na kumsingizia paka, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, akacheka, akalia, akaniambia salio linakwisha, akaendelea kusimulia.

Kurudi Doha

Njia ya kurudi haikuwa na kisa, isipokuwa Ammi alinijazia peta hata begi likakataa kufunga, na zile mlizokula ndizo hizo.

Kisa kilikuwa uwanjani, Doha. Nimeshuka na kundi la watu, naelekea foleni ya wakaazi, askari mmoja akaninyooshea kidole. "You. There. Sit." Nikatazama alikoonyesha. Ukutani waliketishwa wasichana wa kwetu, wamewasili kwa kazi za ndani, skafu zao za rangi moja, pasipoti zao zimeshikwa na mtu mwingine, wanangoja makafili, mabosi waliowadhamini, waje kuwachukua.

"Mimi naishi hapa," nikamwambia. "Narudi likizo."

"Sit."

"Sikai." Nikanyoosha kadi yangu ya ukaazi mbele ya uso wake, nikaiacha hapo. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Nyuma yake wasichana walikuwa wananitazama. Mwisho akanirudishia na kunipungia nipite, kama anayefukuza nzi.

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, lafudhi ya Tanga tupu, akaninong'oneza nilipompita: "Shikamoo dada. Umetoka nyumbani?"

"Marahaba. Hapana, nimetoka India. Nilikwenda kutembea."

"Kutembea?" Akawatazama wenzake, akanirudia mimi, macho yamemtoka. "Kwani sisi tunaruhusiwa?"

Askari alikuwa ameshatugeukia. Nikaweka begi langu chini, nikamfungulia, nikampa peta aonje.

"Unaniona?" nikamuuliza.

"Nakuona, dada."

"Basi."